Anayejua kusimama yuko Kilole

Msichana wa Kilole, Korogwe, anatoka kuchota maji na ndoo ya lita 20 kichwani. Anampita bibi aliyeketi barazani, na heshima haiwezi kungoja mpaka ndoo itue. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" Shingo haigeuki. Ngata haisogei, na majani yaliyowekwa juu ya maji ili yasimwagike yametulia palepale. Kilichohama ni macho peke yake: yameruka upande wa baraza, yamemwona bibi, yamerudi njiani.

Katika maabara za Ulaya na Marekani wapo wataalamu waliotumia miaka mingi kuchunguza tendo la namna hiyo. Wanaopimwa huwa zaidi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana husimama pekupeku juu ya bamba linalorekodi jinsi uzito wake unavyohama chini ya nyayo, milimita kwa milimita. Hata anayedhani amesimama kama mlingoti, bamba humwumbua: anayumba. Kwanza huambiwa aikodolee macho nukta moja. Kisha nukta inarukaruka kushoto na kulia, naye aifuate kwa macho tu, kichwa kisigeuke. Mwishowe nukta inateleza polepole na macho yanaisindikiza.

Matokeo yamejirudia katika maabara nyingi. Macho yanaporuka, mwili kwa kawaida hauyumbi zaidi, na mara nyingi hutulia kuliko yakikodolea kitu kimoja. Macho yanaposindikiza kitu kinachoteleza, mara nyingi kuyumba huongezeka. Tofauti yenyewe ni ndogo, na hakuna kijana mzima atakayeanguka kwa sababu hiyo. Lakini inaeleza mengi kuhusu namna binadamu anavyosimama.

Mwili hutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Jicho linaporuka, ubongo huipuuza picha ya ule mruko, kisha jicho likitua hupata picha iliyotulia. Linaposindikiza kitu, kila kilicho nyuma ya kitu hicho huonekana kurudi kinyume, na ubongo hulazimika kuamua kama kinachokwenda ni dunia au ni mwenye macho. Abiria aliyewahi kuketi ndani ya basi lililosimama stendi ya Korogwe, basi la jirani likaondoka, naye akahisi lake ndilo linarudi nyuma, anaujua mkanganyiko huo bila kusoma kitabu. Katika miaka ya 1970 David Lee wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliuonyesha kwa chumba ambacho kuta zake husogezwa huku sakafu ikibaki pale pale. Watu wazima waliyumba kwa kuzifuata kuta, na watoto wadogo waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kusimama wakaanguka.

Kasoro ya utafiti mwingi wa aina hii ni kwamba kijana anayepimwa hana kitu kichwani wala mkononi, na kazi yake ya kila siku ni kukaa darasani. Kumpima huyo pekee kisha kusema "vijana husimama hivi" ni haraka isiyo na baraka. Aliyebeba ndoo tangu utotoni hawezi kuinamisha kichwa kutazama jiwe njiani, wala kukigeuza ghafla pikipiki ikipiga honi. Macho ndiyo yanayokwenda chini na pembeni kwa niaba ya shingo. Je, mazoezi hayo yamembadilisha? Akisimama bila ndoo, macho yakisindikiza nukta, atayumba sawa na mwanafunzi wa Edinburgh? Hilo ni swali la kisayansi kamili, na walio na jibu miilini mwao wako Kilole na wilaya jirani ya Handeni.

Afrika Mashariki imewahi kuishangaza sayansi kwa mzigo wa kichwani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy na wenzake uliofanywa Kenya. Wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso, walitembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu ya ziada. Uzito ulipozidi hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda. Baadaye, mwaka 2010, Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, na unafuu huo haukuonekana kwa wote. Mjadala unaendelea, kama inavyotakiwa.

Asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ndoo yenyewe haijahesabiwa. Kwa hiyo asije mtu akautumia utafiti huu kusema mabinti wa Handeni wameumbwa kubeba. Huko shida ya maji ni hadithi ya miaka nenda rudi, na maumivu ya shingo ya wabeba maji yameandikwa na watafiti. Ustadi wa mtu usiwe kisingizio cha kuchelewesha bomba.

Korogwe nayo si ngeni kwa utafiti. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Eneo lililoweza kazi hiyo haliwezi kushindwa na kupima kuyumba. Bamba la maabara ni ghali, lakini hata simu janja ina kifaa cha kuhisi mwendo, kilekile kinachogeuza picha simu inapolazwa. Ikifungwa kiunoni kwa kanga, itatosha kuanzia. Nukta inaweza kuonyeshwa ukutani.

Wakufunzi wa Chuo cha Ualimu Korogwe wana vijana wa umri unaotakiwa, na wengi wao wamebeba ndoo. Waanze hapo, pamoja na wataalamu wa NIMR na wa Muhimbili. Wanaopimwa waombwe ridhaa, wafidiwe muda wao, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa mtaa, Kilole, kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote.