Mshauri Huyu ni Nani?

Siku hizi si ajabu kumpata mtaalamu mmoja wa saikolojia akizifanya kazi nne kwa pamoja. Asubuhi huwatibu watu kwa mazungumzo, adhuhuri humwongoza meneja wa benki, alasiri hufundisha chuoni, na usiku huandika matokeo ya utafiti wake kuhusu afya ya akili. Wapo wanaomshutumu kwa tamaa. Mimi simo miongoni mwao, kwani mtafiti asiyeketi na mgonjwa huishia kuhesabu majibu ya hojaji tu. Linalonikera liko katika uwanja wetu sisi wanagenzi wa Kiswahili: katika kazi zote hizo, mtu huyu aghalabu hujulishwa kwa jina moja, yaani mshauri.

Kasoro hii si ya msamiati pekee. Mgonjwa humfungulia tabibu moyo akitumaini kwamba siri yake haitoki, isipokuwa maisha yawapo hatarini. Meneja aghalabu hulipiwa na mwajiri, naye mwajiri huenda akataka kuelezwa maendeleo yake. Mwanafunzi anamkabili mtu atakayempa alama. Mhojiwa naye husimulia msiba wake ujapo kuchapishwa, hata kama jina lake litafichwa. Je, aliyeambiwa tu kuwa "huyu ni mshauri" atajuaje mipaka ya siri yake?

Mwenzetu mmoja alimweleza mhadhiri wake, ambaye pia alikuwa mshauri nasaha, jinsi alivyokosa usingizi kwa miezi. Muhula uliofuata mhadhiri yuyo huyo ndiye aliyeisahihisha karatasi yake. Hakuonewa hata kidogo. Hata hivyo, tangu siku hiyo hajaenda kwa mshauri yeyote, na usingizi bado haujarudi.

Nchini Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliwatambua wataalamu hao kwa majina mawili na kuweka utaratibu wa kuwasajili. Ila sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi huulilia uchungu wao kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama.

Inafaa tukumbuke kwamba aliyeiita kazi hii "tiba ya mazungumzo" hakuwa daktari. Alikuwa mgonjwa, Bertha Pappenheim, aliyetibiwa na Josef Breuer mjini Vienna kati ya 1880 na 1882. Maradhi yalikuwa yamemnyima Kijerumani chake, hivyo jina hilo akalitoa kwa Kiingereza. Ikiwa mgonjwa aliweza kuunda istilahi katika hali ile, sembuse sisi tulio na idara nzima!

Napendekeza "tabibu wa nafsi" kwa anayetibu na "mwelekezi" kwa anayewaongoza wakuu wa kazi. (Pwani tunaye kungwi, ambaye hufunza na kusindikiza, lakini sidhani meneja wa benki atakubali kuitwa mwari.) Majina haya yajadiliwe, hata yakikataliwa. Muhimu zaidi, chama chetu kiketi na wenzetu wa idara ya saikolojia, tuandike kwa Kiswahili fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, itakayosomwa kabla ya neno la kwanza kusemwa: anayekusikiliza ni nani, analipwa na nani, na maneno yako yatafika wapi.