Imani ya Mtu Haina Bei

Watu wengi wanapoitaja haki ya kuabudu hufikiria misikiti na makanisa: kwamba kila dini iachwe ijenge, ihubiri na ifanye ibada zake bila kubughudhiwa. Hiyo ni haki, lakini siyo haki yote. Ibara ya 19 ya Katiba yetu haikuanza na jumuiya za dini, bali imeanza na mtu. Inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua dini, na bila kificho inampa pia uhuru wa kuibadilisha dini yake.

Haki hiyo, ambayo pamoja na nyingine iliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, haina budi kupimwa pale inapomgusa mtu mwenyewe.

Historia yetu ina fundisho. Enzi za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Wako watoto waliobatizwa ili wapate nafasi darasani, na wako wazazi waliowazuia watoto wao wasiende shule kwa kuchelea kwamba watapotezewa dini. Hapakuhitajika askari wala amri. Ilitosha kwamba njia ya kwenda kwenye elimu ilipita mlangoni mwa dini fulani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule hizo chini ya Serikali, mtoto wa Mwislamu, wa Mkristo na wa mfuasi wa mila za jadi waliweza kukaa dawati moja bila kuulizwa wanasali wapi. Fundisho lake ni kwamba haitoshi mtu asilazimishwe kwa amri. Ni lazima pia asitozwe bei kwa ajili ya imani yake.

Je, leo bei hiyo inatozwa na nani? Mara nyingi inatozwa na ukoo. Kijana anayebadili dini hunyimwa karo au hufukuzwa nyumbani. Binti aliyempenda kijana wa dini nyingine huambiwa achague kati ya mchumba wake na mama yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wote wawili, na inaruhusu ndoa ya kiserikali bila yeyote kuiacha dini yake. Lakini wanaothubutu kwenda bomani hulaaniwa kama wahalifu. Hata kifo hakiwi mwisho wa ugomvi, kwani pande mbili huweza kuigombea maiti ya mtu ambaye alipokuwa hai alikwisha kusema yeye ni wa dini gani.

Wako watakaosema kwamba mzazi ana haki ya kumlea mtoto wake katika dini. Ni kweli. Kiongozi wa dini naye ana haki ya kuhubiri, na ya kusikitika muumini wake anapohama. Lakini kulea siyo kumiliki. Mtoto akishakuwa mtu mzima, mzazi hubakiwa na ushauri, machozi na sala. Amri hana tena. Na hata kwa faida ya dini yenyewe, shuruti haijengi kitu. Anayesujudu kwa kuogopa kunyimwa shamba la baba yake hamwabudu Mungu, analiabudu shamba.

Kwa hiyo masheikh, mapadri na wachungaji hawana budi kulisema jambo hili hadharani, hasa pale anayehama anapotoka katika kundi lao wenyewe. Wazee wa koo nao waulizwe: ni heshima gani hiyo inayolindwa kwa kumfukuza mtoto?

Kwamba Serikali haina dini, tulikwisha kukubaliana zamani. Sasa tukubaliane kwamba ukoo nao hauna dini. Wenye dini ni watu, mmoja mmoja.