Muuaji ana jina lake, si la kabila

Kila mauaji yanapotokea Djugu, swali la kwanza Bunia ni lilelile: ni Walendu au Wahema? Hata sisi waandishi tunauliza hivyo. Hapo CODECO na wapiganaji wa Zaïre wanapata wanachotaka: jirani anageuka adui, na kijana mwenye hofu anakimbilia wenye bunduki wa kwao.

Tumkumbuke Thomas Lubanga. UPC yake ilionekana mlinzi wa Wahema, lakini familia za Kihema ndizo zilizoshinikizwa kutoa watoto wapigane. Mwaka 2012 ICC ilimfunga miaka 14 kwa kosa la kutumia watoto vitani. Alifungwa yeye, si kabila.

Viongozi wa jamii wanaolaani mauaji redioni wataje wauaji kwa majina, hata wakiwa watoto wao.