Lubumbashi: Nyumba ya walioachana Ulaya si zawadi ya ndugu wa mume

Wakaaji wa Bel-Air, Golf na Katuba wanaijua hadithi hii hata kabla ya kuisikia. Mume na mke wanaishi Ubelgiji. Miaka kumi wanatuma pesa: mke anatumika usiku katika nyumba ya kutunza wazee, mume anapakia mizigo kwenye depo. Parseli inanunuliwa Lubumbashi, nyumba inasimama, mdogo wa mume anashika funguo na kuingiza wapangaji. Kisha ndoa inavunjika mbele ya jaji wa kule. Siku mwanamke anafika likizo kuulizia sehemu yake, anajibiwa mlangoni: "Shemeji, ndoa yenu ilifia Bulaya. Kamata vya Bulaya. Hapa ni kwetu."

Wazee wengi wa familia wanalipigia makofi jibu hilo. Ni jibu la wizi, na sheria ya Kongo yenyewe inalikataa.

Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, iko wazi. Bwana na bibi wasipochagua mfumo mwingine wa mali, vyote walivyochuma ndani ya ndoa ni vya wote wawili, na kila mmoja anabaki peke yake na kile alichokuja nacho au alichorithi. Wakiachana, walichochuma kinagawanywa nusu kwa nusu. Ubelgiji vilevile, asiyefanya mkataba mwingine kwa notere anaangukia katika mfumo wa aina hiyo. Basi wanaolalamika kwamba mwanamke analeta "sheria za wazungu" hawajafungua sheria ya inchi yao.

Kuna neno moja la kweli ndani ya maneno ya shemeji: karatasi ya jaji wa Liège haifungui mlango wa Lubumbashi yenyewe. Inapaswa kupita kwanza Tribunal de Grande Instance, ambako inapewa nguvu ya kutekelezwa hapa. Maavoka wanaita hatua hiyo ekzekwaturi. Sheria ya 2013 juu ya mahakama inataja masharti: hukumu iwe ya mwisho, nakala yake iwe halali, kila upande uwe ulipewa nafasi ya kujitetea, na isipingane na utaratibu wa umma wa Kongo. Na kwa kuwa nyumba iko Kongo, haki juu ya nyumba hiyo zinafuata sheria ya Kongo. Mwanamke anayekaa Liège akisubiri hukumu isafiri peke yake anampa shemeji miaka ya bure. Lakini kuchelewa kwa karatasi hakugeuzi mali ya wawili kuwa mali ya mdogo wa mume.

Silaha ya pili ya familia ni uraia. "Wewe ni Mubelji sasa, huna udongo hapa." Kweli, sheria ya ardhi ya 1973 inaweka konsesyo ya milele kwa Wakongomani tu, na katiba, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine. Ila mara nyingi mume naye alichukua paspoti ile ile, pengine mwaka ule ule, na hakuna anayemwita Mubelji kwenye mlango. Zaidi ya hapo, kutoandikwa kwenye cheti cha konsesyo si kunyimwa thamani ya nyumba uliyolipia. Nyumba inaweza kupimwa bei na mtaalamu, ikauzwa, au mmoja akamlipa mwenzake nusu yake.

Mahali pa hatari kweli ni pengine: jina. Ndugu wa Ulaya wanapenda kuandikisha parseli kwa jina la kaka "ili mambo yaende haraka". Cheti cha konservatere kinasimama kama ushahidi kamili, na kikishapita miaka miwili hakishambuliwi tena kirahisi. Hapo mke anapoteza, na mume pia anapoteza, hata kama leo anacheka na kaka yake. Risiti za pesa zilizotumwa zinasaidia kudai fidia. Kurudisha nyumba yenyewe ni vita vingine.

Na kodi? Hapa ndipo wote watatu wananyamaza. Nyumba inayopangishwa kwa dola 500 kwa mwezi inaleta dola 6.000 kwa mwaka. Kwa kiwango kilichozoeleka cha 22% juu ya pato la upangaji, serikali ya jimbo inadai dola 1.320. Kati ya hiyo 22%, 20% inapaswa kukatwa na mpangaji mwenyewe na kupelekwa kwa ofisi ya mapato, na 2% inamaliziwa na mwenye nyumba. Nani amewahi kuona mpangaji wa Katuba akikata? Miaka mitano ya kunyamaza ni dola 6.600, bila kuhesabu faini wala kodi ya nyumba yenyewe. Deni hilo linawangojea wawili siku ya kugawana, wakati aliyekula pesa ya upangaji ni mmoja.

Shemeji anapoleta risiti mbili tatu za kodi kama ushahidi kwamba nyumba ni yake, aambiwe ukweli: kulipa kodi kwa jina la mwingine hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Aliyepewa prokurasyo ana wajibu wa kutoa hesabu. Alipokea ngapi, alitengeneza nini, alilipa kodi gani? Alicholipa kweli arudishiwe. Kilichobaki kiingie katika mgawanyo.

Wanandoa wenyewe si wasafi. Tangu 2021, mkaaji wa Ubelgiji mwenye nyumba inchi za nje analazimika kuitangaza kwa ofisi ya kodi ya kule. Mkataba wa kodi kati ya Kongo na Ubelgiji unaachia Kongo itoze nyumba iliyo Kongo, hivyo pato lile halilipiwi mara mbili. Linahesabiwa tu katika kupanga kiwango cha mapato mengine. Kwa kuogopa kitu kidogo namna hiyo, wengi wanaandika kwamba hawana nyumba popote. Wakiwa katika ndoa wanatia sahihi tangazo moja la kodi, mume na mke. Halafu siku ya talaka mume anamwonyesha jaji karatasi ile ile: "Mnaona, hatuna nyumba." Mwanamke anabaki kupinga sahihi yake mwenyewe.

Anayetaka nusu yake aanze na kutangaza nyumba hiyo, hata akilipa faini, kisha aavye prokurasyo ya shemeji kwa barua yenye tarehe, na kuwaandikia wapangaji. Na mnunuzi anayeitwa leo na mume kwa bei ya haraka akumbuke kwamba kwa haki za ardhi na nyumba sheria ya familia inadai mapatano ya bwana na bibi wote wawili. Aombe kuona sahihi ya mwanamke kabla ya kuhesabu dola.