Gemu, plau na simu janja: Kwa nini "juu" ya mmoja ni "chini" ya mwenzake

Ukisimama kwenye kibanda cha gemu, iwe hapa Choma au Igunga mjini, utaushuhudia ugomvi huu mdogo. Kijana amelipia zamu yake. Anashika pedi, anasukuma kijiti mbele ili mtu wake kwenye skrini aangalie juu. Mtu anaangalia ardhini. Kabla hajajua kimetokea nini amepigwa risasi, zamu imeisha na hela imekwenda. Waliosimama nyuma wanacheka: "Huyu hajui!"

Kumbe anajua. Aliyecheza kabla yake aligeuza mipangilio, akaondoka bila kuirudisha.

Tumeulizwa mara kadhaa nani kati ya hao wawili anacheza "sawasawa". Jibu ni kwamba wote wawili. Na jambo hili haliishii kwenye vibanda vya gemu. Linamgusa hata mzazi ambaye hajawahi kushika pedi, ila mwanawe amemnunulia simu janja.

Kamera ipi tunayoizungumzia?

Kwenye gemu, kamera ni jicho ambalo mchezaji anaonea. Kwenye gemu za mpira hakuna shida, kwa sababu jicho hilo linaufuata mpira lenyewe. Shida ipo kwenye gemu za kutembea na kupigana, ambako wewe ndiye unayeligeuza.

Wachezaji wengi wanakiona kijiti kama kidole cha kuelekezea: ukisukuma juu, unaangalia juu. Wengine wanakiona kama kichwa. Weka kiganja juu ya utosi wako, kisha sukuma mbele taratibu. Macho yameenda wapi? Chini. Vuta nyuma, macho yanapanda. Kwa watu hawa, kusukuma mbele ni kuangalia chini, na wala hawaoni ajabu yoyote. Hata rubani wa ndege huvuta usukani kuelekea kwake ili pua ya ndege ipande.

Wakulima wanalijua hili

Anayelima na ng'ombe hahitaji kufundishwa. Ukikandamiza mikono ya plau, ncha haizami bali inapanda, na plau inaparaza juu juu. Ukitaka izame zaidi, unainyanyua mikono kidogo. Unasukuma chini, chuma kinapanda. Kijana anayeshika plau kwa mara ya kwanza hukandamiza kwa nguvu zote na kushangaa tuta halichimbiki. Baada ya siku chache mikono yake imeshazoea, na hakumbuki tena kama iliwahi kumsumbua.

Watafiti wanasemaje?

Wachezaji wenyewe wana maelezo yao. Mmoja atakwambia alianza na gemu za ndege, mwingine atasema gemu yake ya kwanza ndiyo iliyomfundisha hivyo. Watafiti wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Brunel, London, Jennifer Corbett na Jaap Munneke, waliamua kuyapima maelezo hayo, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2025. Kwa kuwa kazi ilianza wakati wa korona, washiriki walifanya majaribio kwa njia ya intaneti. Waliulizwa historia yao ya kucheza, kisha wakapewa kazi za akili, kwa mfano kugeuza umbo kichwani na kusema litaonekanaje.

Sababu ambazo watu walizitaja hazikueleza uchaguzi wao. Kilichoonyesha zaidi nani anageuza kamera na nani hageuzi ni kasi ya ubongo katika kuzungusha vitu kichwani, pamoja na kasi ya kujibu pale jicho linapovutwa upande mmoja na jibu liko upande mwingine. Waliokuwa wepesi zaidi kwa kawaida hawageuzi. Waliosema wanageuza mara nyingine na mara nyingine hawageuzi ndio waliochelewa zaidi.

Lakini wepesi si ushindi. Waliokuwa wepesi hawakupata majibu sahihi mengi zaidi. Wanaogeuza ndio waliopatia zaidi kidogo. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake kibandani hana pa kusimamia. Watafiti hao wanashauri kila mchezaji ajaribu upande ambao hajauzoea kwa saa chache, huenda ukamfaa zaidi.

Baiskeli iliyogeuzwa

Je, mtu anaweza kubadilika? Anaweza, lakini kwa jasho. Mwaka 2015 mhandisi wa Marekani, Destin Sandlin, alionyesha kwenye video baiskeli iliyotengenezwa kinyume: ukikata usukani kulia, gurudumu linakwenda kushoto. Alikuwa amepanda baiskeli tangu utotoni, lakini hii ilimchukua miezi minane kuiweza. Mwanawe mdogo aliiweza kwa wiki mbili. Alipoirudia baiskeli ya kawaida, baba huyo akajikuta ameisahau, na ikambidi ahangaike kwanza hadi mwili uikumbuke.

Tunajifunza mambo mawili. Kujua jambo kichwani hakutoshi, mikono nayo lazima ijifunze. Na mtoto anawahi kwa sababu hana mazoea mengi ya kuyavunja, si kwa sababu ana akili kumshinda baba yake.

Kutoka kitochi hadi simu janja

Hapa ndipo jambo hili linapoingia nyumbani. Kwenye kitochi, ukitaka kusoma maneno yaliyo chini unabonyeza kitufe cha chini. Kwenye simu janja, kuyafikia maneno hayohayo unasogeza kidole kwenda juu, kwa sababu sasa unalisukuma karatasi lenyewe. Mzee aliyebonyeza chini kwa miaka kumi anasogeza kidole chini, na ujumbe unamkimbia. Wajukuu wanacheka. Anakata tamaa, anasema: "Nisomee wewe."

Neno hilo lina gharama. Leo mjukuu anasoma ujumbe wa hela. Kesho jirani anasaidia kutoa hela. Keshokutwa namba ya siri inajulikana na watu watatu. Pesa ya pamba au ya ng'ombe ikipotea hapo, hakuna wa kumdai. Mtu ambaye hawezi kuishika simu yake mwenyewe ni rahisi kuibiwa, na mara nyingi kilichomkwamisha ni mazoea ya kidole tu.

Pale wengi wanapotumia kitu kimoja

Mtu akiwa na chombo chake, achague anavyotaka. Chombo kikiwa cha wengi, lazima kuwe na makubaliano. Madereva wa malori yanayopita Igunga na Nzega kwenda Rusumo wanaendesha upande wa kushoto hapa kwetu, na wakivuka kuingia Rwanda wanahamia kulia. Hakuna anayeulizwa anapenda upande upi. Baharini nako, zamani kwenye meli za Uingereza amri ya kupeleka usukani kulia ilimaanisha meli igeuke kushoto. Mkutano wa kimataifa wa usalama wa meli wa mwaka 1929 ukaamua kwamba kulia iwe kulia, na desturi ile ikaachwa katika miaka ya 1930.

Ufanye nini?

Mwenye kibanda, kabla ya kuanza kuhesabu muda muulize mteja anavyocheza, kisha rekebisha mipangilio. Nusu dakika inatosha kuzuia ugomvi.

Kijana, kabla hujasema mwenzako hajui, angalia mipangilio.

Na unayemfundisha mzazi simu, usimnyang'anye mkononi. Mwambie: "Sukuma karatasi, usifuate maneno." Mwache akosee mara ishirini. Afanye hivyo leo na kesho, hadi kidole kizoee. Namba ya siri aibonyeze mwenyewe, wewe ukiwa umeangalia pembeni. Na akipokea ujumbe wa utapeli, mwonyeshe namna ya kuutuma kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli.

Ukimkuta mkulima wa plau, mwombe akueleze siku yake ya kwanza shambani. Naye alianza kwa kukandamiza.