Washington yuko kwenye dola, wanajeshi wake walilipwa makaratasi

Kila Julai 4, Wamarekani wakilipua fataki, mitandaoni huzunguka picha ile ile. Jenerali George Washington amesimama kwenye boti akivuka Mto Delaware usiku wa Krismasi 1776, kifua mbele, bendera nyuma yake. Mchoro huo ni wa Emanuel Leutze, wa 1851, miaka 75 baada ya tukio, tena aliuchorea Ujerumani. Sina ubaya nao. Ila jicho langu huenda kwa wale jamaa wa chini wanaopiga makasia katikati ya barafu. Uhuru wa Marekani huwa tunauziwa ukiwa na majenerali pekee. Hata nilipokuwa chuo, kabla karo inishinde, ilikuwa ni Washington, Jefferson, tarehe, mtihani, kwaheri. Ukiutazama kutoka kwa wapiga makasia, ni stori nyingine kabisa.

Chukua Joseph Plumb Martin. Alilelewa na babu na nyanya yake Connecticut, akajiunga na jeshi 1776 akiwa na miaka 15. Miezi sita ikaisha akarudi nyumbani, kisha 1777 akajiandikisha tena, safari hii hadi vita viishe. Tunamjua kwa sababu aliandika maisha yake mwenyewe, kitabu kikatoka 1830 bila jina lake. Na bana, hicho kitabu ni njaa mwanzo mwisho. Risasi zipo, lakini tumbo ndilo adui mkuu. Desemba 1777, Kongresi iliamuru nchi yote iwe na siku ya kumshukuru Mungu. Martin na wenzake, waliokuwa wameshinda njaa siku kadhaa, wakapewa mchele usiofika nusu kikombe na kijiko cha siki. Walipomaliza hiyo karamu, wakaitwa kusikiliza mahubiri. Anaisimulia kwa kejeli hadi unacheka, halafu unajiuliza unacheka nini.

Kutoka hapo jeshi liliingia kambi ya Valley Forge, ambako hakukupiganwa vita vyovyote, na bado karibu watu 2,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Majira mengine ya baridi, kule Morristown, Martin anasema aliona watu wakichoma viatu vikuukuu na kuvila.

Sasa tuongee doo. Kongresi ilimtengea Washington dola 500 kwa mwezi. Alizikataa, akasema atadai gharama zake tu. Watu humsifu kwa hilo hadi leo, na sitawanyima, lakini ni rahisi kukataa mshahara ukiwa na shamba la Mount Vernon na watumwa zaidi ya 100 wa kukulimia. Mwanajeshi wa kawaida aliahidiwa dola 6 na senti 67 kwa mwezi, kwa noti za karatasi. Kongresi haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, kwa hivyo ilichapisha noti, ikachapisha tena, ikaendelea. Machi 1780 ikakubali yenyewe kwamba dola 40 za karatasi ni sawa na 1 ya fedha. Piga hesabu ya mshahara wa Martin hapo. Mwaka 1781, wakielekea Yorktown kwa vita vya mwisho vikubwa, ndipo walilipwa mshahara wa mwezi mmoja kwa sarafu za kweli, na pesa zenyewe zilikopwa kwa Wafaransa.

Ati hawakulalamika? Januari 1, 1781, wanajeshi wa Pennsylvania waliasi wakaanza kuandamana kuelekea Philadelphia wakidai malipo. Walikuwa wengi mno, serikali ikakubali kuongea nao, na karibu nusu wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki chache baadaye wale wa New Jersey wakajaribu vivyo hivyo. Hao walikuwa wachache. Washington akatuma kikosi kikawazingira alfajiri, viongozi wawili wakapigwa risasi mbele ya wenzao. Waliolazimishwa kufyatua hizo risasi ni waasi wenzao 12. Hiyo huioni kwenye picha ya boti.

Vita vilipoisha, 1783, wanajeshi walirudishwa nyumbani na vyeti: serikali inakudai asante, pesa utapata siku moja. Mtu hali cheti. Martin anasema aliuza baadhi ya vyake apate nguo za heshima za kuvaa. Maelfu walifanya hivyo, kwa bei ya kutupa, na wanunuzi walikuwa watu wa mijini wenye pesa za kungoja. Hata Abigail Adams, mke wa John Adams aliyekuja kuwa rais wa pili, alinunua vyeti vya serikali.

Kuna wale huniambia, wacha ujinga, nchi ilikuwa changa na imesota. Kweli, ilikuwa imesota. Lakini 1790 ilikuwa na Katiba, ina kodi, ina Alexander Hamilton kama waziri wa fedha, na Hamilton akasema vyeti vyote vilipwe thamani kamili kwa yeyote anayevishika. Yaani aliyenunua kwa bei ya kutupa avune yote. James Madison alipendekeza aliyenunua apate bei ya soko, na kinachobaki kiende kwa mwanajeshi aliyepewa cheti mwanzo. Wabunge wakapiga kura: 36 wakakataa, 13 wakakubali. Hapo usiniambie habari ya umaskini. Pesa ilikuwepo, wakachagua mfuko wa kuitia.

Martin naye alikuwa ameenda kulima Maine, kwenye ardhi aliyodhani haina mwenyewe. Akatokea Henry Knox, aliyekuwa mkuu wa mizinga wa Washington na waziri wake wa vita, akidai maelfu kwa maelfu ya ekari kupitia urithi wa familia ya mkewe. Madai yake yakakubaliwa. Mwaka 1797, ekari 100 za Martin zikakadiriwa kuwa dola 170, alipe kwa bosi wake wa zamani. Hakuweza. Kama kwenu kuna kesi ya shamba, hapa huhitaji kuelezewa. Alipoomba pensheni ya maveterani iliyoanzishwa 1818, alitaja mali yake yote: ng'ombe wawili, kondoo sita, nguruwe mmoja. Akapewa dola 96 kwa mwaka.

Na huyo ni mzungu, ambaye angalau aliahidiwa kitu. Kule Mount Vernon kulikuwa na mtumwa wa kutunza farasi, Harry, mzaliwa wa pande za Mto Gambia. Gavana wa Waingereza huko Virginia alikuwa ametangaza Novemba 1775 kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru. Mwaka uliofuata Harry akatoroka. Kwake yeye, uhuru ulikuwa upande wa pili wa vita. Mei 1783, huku jeshi lake likisubiri kurudi nyumbani bila malipo, Washington alikutana na kamanda wa Waingereza, Guy Carleton, na moja ya mambo aliyodai ni watumwa waliotoroka warudishwe. Carleton akakataa. Miezi michache baadaye Harry yuko melini kwenda Nova Scotia, ameandikwa kwenye daftari la Waingereza kwa jina Harry Washington, miaka 43.

Nova Scotia ilikuwa baridi, ubaguzi na mashamba ya mawe. Mwaka 1792 alivuka na watu kama 1,200 kwenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown, wakiwa wameahidiwa ardhi bila kodi. Kampuni iliyotawala koloni hilo ikawageuka, ikadai kodi ya ardhi. Mwaka 1800 baadhi yao wakaasi. Wawili wakanyongwa, na Harry akawa kati ya waliofukuzwa, akatupwa ng'ambo ya mto, upande wa Bullom. Washington alikuwa amefariki Desemba 1799, na kwao Marekani walikuwa wamemlilia miezi.