Barabara salama ni faida kwa mkulima na mchuuzi

KILA alfajiri malori yenye nyanya, vitunguu na kabichi huingia Dar es Salaam kutoka mikoani. Mkulima aliyebaki kijijini hudhani safari ya mazao yake imekwishia hapo. La hasha. Kutoka Ilala hadi genge la mtaani, tenga lile husukumwa kwa mkokoteni, hupakiwa kwenye bodaboda au hubebwa kichwani. Safari hiyo ni fupi, lakini imejaa hatari.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Kwetu, hao ndio wachuuzi na mama lishe. Mmoja wao akivunjika mguu, mtaji huishia kwenye matibabu, nyanya huoza, na mkulima hupoteza mteja.

Hata hivyo, barabara nyingi za miji yetu bado humtanguliza mwenye gari. Tupige hesabu. Gari dogo lililoegeshwa huhitaji eneo la karibu mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Meza ya mchuuzi ya mita 1 kwa 2 huchukua mita za mraba 2 tu. Penye gari moja lililolala kutwa, zingekaa meza sita.

Mwaka 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara kwa kuwa waliziba njia. Ni kweli baadhi waliziba. Mama aliyelazimika kushuka kwenye lami na mtoto mgongoni ni shahidi. Lakini gari linaloegeshwa juu ya njia ya miguu linaziba njia ile ile.

Si kwamba hatuwezi. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara, Kivukoni na Gerezani, kandokando yake kukiwa na njia za miguu na za baiskeli. Jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018.

Kwa mtazamo wangu, mambo matatu hayawezi kusubiri. Kwanza, mwendo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 30. Kila soko na kila shule iwekewe matuta na vivuko. Ni kazi ya zege na rangi. Pili, njia ya miguu na ya mikokoteni iwemo kwenye mkataba wa barabara tangu mwanzo. Tatu, sehemu ya maegesho karibu na masoko wapewe wachuuzi kwa utaratibu maalumu, ili njia ya miguu ibaki wazi.

Wapo watakaosema kuwa magari ndiyo maendeleo, na kwamba hata mazao huletwa na magari. Sawa, lori libaki. Lakini linalolichelewesha lori si mkokoteni peke yake. Ni msururu wa magari madogo, mengi yakiwa na mtu mmoja mmoja ndani. Wenye magari hayo wakipata basi la uhakika, mzigo nao utawahi sokoni.

Mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari la barabara zetu tumezoea kuandika magari. Mkutano ujao wa mtaa, muulize diwani wako: mwenye tenga kichwani ameandikwa ukurasa gani?